Gitaa la besi Songambele: fungu likomee wapi?

Bei ya gitaa la besi huanzia chini ya dola 100 za Marekani, kwa yale ya China yasiyo na jina, na hupanda hadi dola 1,800 na zaidi kwa Fender linaloundwa Corona, California. Kwa hesabu ya Sh2,500 kwa dola, hiyo ni kutoka chini ya Sh250,000 hadi zaidi ya Sh4.5 milioni, usafiri na kodi vikiwa bado. Kwaya ya kijiji, au kijana anayepiga harusini katika Kata ya Songambele wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, ina kazi ya kutafuta mahali pa kusimama kati ya bei hizo mbili. Jibu linategemea mambo ambayo muuza duka hayaoni: kipato cha eneo kinaingia lini, gitaa litakuwa la nani, na sauti yake itatokea kwenye spika gani.

Kipato kwanza. Songambele, kama sehemu kubwa ya Kyerwa na ya Karagwe ambayo Kyerwa ilimegwa kwake mwaka 2012, huishi kwa kahawa ya robusta, ndizi na maharage. Ndizi na maharage hulisha nyumba na kutoa fedha ndogondogo, ila fedha ya kununulia kitu kikubwa hutoka kwenye kahawa, na huingia kwa msimu, kuanzia katikati ya mwaka, pale kahawa ya maganda inapopelekwa kwenye vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, na kuuzwa mnadani chini ya chama kikuu cha KDCU. Bati, ada za sekondari, pikipiki na mahari vyote husubiri miezi hiyo hiyo. Gitaa nalo lipo kwenye foleni, na kwa kawaida si la mbele.

Ndiyo maana kipimo kizuri cha bei, kwa mtu wa huku, ni kilo za kahawa kuliko shilingi. Kilo ya maganda ikienda kwa Sh4,000, gitaa la Sh600,000 ni kilo 150. Mkulima anajua shamba lake hutoa kilo ngapi na tayari zina kazi gani, kwa hiyo kilo 150 anaziona mbele ya macho, wakati laki sita ni tarakimu tu. Bei ya mnada ikishuka, gitaa lile lile linakuwa kilo 200 bila duka kubadili chochote, na hapo ndipo fungu lililopangwa kwa bei ya msimu uliopita linapokwama.

Hatari kubwa iko kwenye miezi ya kabla ya mavuno. Mkoa wa Kagera una desturi ya siku nyingi iitwayo butura: mkulima mwenye shida huuza kahawa ingali maua au mbichi mtini, kwa bei ya chini mno, kwa mtu mwenye fedha taslimu. Serikali imeipiga marufuku mara kwa mara na bado inaendelea. Anayechukua fedha ya butura mwezi Februari ili awahi gitaa la Pasaka anaweza kulilipia mara mbili, mara ya kwanza dukani na mara ya pili kwenye kilo alizoziachia kwa bei ya kutupa. Kwa gitaa, ambalo halina dharura kama ya hospitali, hakuna hesabu inayoweza kuhalalisha hilo. Mkopo wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, ni nafuu zaidi, mradi marejesho yapangwe yaangukie msimu.

Kwaya nyingi hupitia njia nyingine, harambee ya vyombo. Mgeni rasmi hualikwa, bahasha hukusanywa, ahadi huandikwa kwenye daftari na jumla hutangazwa kwa vigelegele. Kosa la kawaida ni kupanga manunuzi kwa jumla hiyo iliyotangazwa, ilhali sehemu yake ni ahadi ambazo nyingine zitalipwa baada ya mwaka na nyingine hazitalipwa kabisa. Fungu halisi ni fedha iliyokwisha kufika kwa mhazini. Kosa la pili ni mpangilio wa manunuzi. Kinanda na spika huwahi nafasi za mwanzo kwa sababu vinaonekana na kila mtu, kisha besi hutengewa kilichobaki. Lakini kwaya za ukanda huu wa Maziwa Makuu, zilizolelewa na mtindo wa magitaa matatu, la solo, la rithim na la besi, husimama juu ya besi. Kinanda kikizimika wimbo huendelea. Besi ikipwaya, waimbaji wenyewe huanza kukimbia mbele ya ngoma.

Suala la mwenye gitaa lina historia ndefu katika muziki wa Tanzania. Bendi kubwa za dansi zilikuwa za mashirika: NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park ya mwaka 1978 ilikuja kuwa ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na mwanamuziki aliyehama bendi aliondoka na vidole vyake tu. Kwaya ya kijijini inarudia utaratibu huo huo bila kujua. Gitaa lililonunuliwa kwa harambee ni la usharika au la kigango. Mpigaji anaweza kuhamia Mwanza kesho kutafuta maisha, gitaa likabaki. Kwa hiyo linapaswa kuwa gitaa ambalo mpigaji yeyote ajaye atalimudu: nyuzi nne, ukubwa wa kawaida, la mkono wa kulia, lisilo na vitufe vingi vya kumchanganya anayejifunza. Kijana anayenunua la kwake ana uhuru mkubwa zaidi wa kuchagua, na pia ana njia ya kurudisha fedha yake. Akilipwa Sh30,000 kwa kila harusi au sherehe ya kumuaga binti, gitaa la Sh600,000 linajilipa baada ya shughuli 20. Kwa mji mdogo wenye msimu mmoja mkubwa wa harusi baada ya kahawa, hiyo ni kazi ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Kama shughuli zinazopatikana kwa mwaka ni nne tu, fungu lipungue.

Kinachofuata ni kujua fedha hununua nini hasa. Gitaa la besi la umeme, kwa umbo linalojulikana leo, lilitolewa na Leo Fender wa California mwaka 1951 kwa jina la Precision. Kabla yake bendi zilitumia besi kubwa ya kusimama, nzito kubeba na yenye sauti iliyomezwa na ngoma na tarumbeta. Fender alilipa gitaa lake mwili wa mbao ngumu usio na tundu kubwa la sauti, shingo iliyofungwa kwa skrubu, na freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo ili noti itoke sahihi hata kwa kidole kisicho na ufundi. Urefu wa uzi kati ya daraja na kichwa aliuweka inchi 34, na ndio unaotumika hadi leo kwenye magitaa mengi. Mwaka 1957 aliipa Precision sumaku mpya ya kunasa mtetemo wa nyuzi, iliyogawanywa vipande viwili, na mwaka 1960 akatoa modeli ya pili, Jazz, yenye sumaku mbili na shingo nyembamba. Karibu kila besi iliyopo sokoni, iwe na jina au isiwe nalo, ni mtoto wa mojawapo ya hizo mbili.

Kwa mnunuzi mwenye fungu dogo hiyo ni habari njema. Umbo la chombo halijabadilika kwa zaidi ya miaka 60, na mashine zinazoongozwa na kompyuta hukata mwili na shingo kwa usahihi ambao zamani ulihitaji fundi mzoefu. Kiwanda cha Cort kilichopo Surabaya, Indonesia, kimeunda magitaa yanayouzwa kwa majina ya kampuni mbalimbali. Squier, ambalo ni jina la bei nafuu la Fender, Yamaha TRBX174 na Ibanez GSR200 ni magitaa ya kuanzia kati ya dola 200 na 300 huko Marekani, na yote matatu yanaweza kupigwa jukwaani bila aibu. Mtu akiulizwa anunue nini bila maelezo zaidi, jibu salama ni mojawapo ya hayo.

Chini ya daraja hilo, kinachopunguzwa ili bei ishuke ni vitu vidogo vinavyoudhi kila siku. Vifunguo vya kukazia nyuzi huwa laini, vikalegea katikati ya wimbo. Ncha za freti hazisuguliwi, zikakwaruza kiganja. Waya za ndani huunganishwa kwa risasi kidogo, na tundu la kuchomekea kebo hulegea baada ya miezi michache. Tatizo la tundu fundi redio wa Nkwenda au Omurushaka analimaliza kwa nusu saa, kwa hiyo lisimtishe mtu. Shingo iliyopinda kama upinde ni jambo jingine. Ndani ya shingo kuna chuma kirefu cha kurekebisha mkunjo, na kwenye gitaa duni chuma hicho wakati mwingine hakifanyi kazi kabisa. Gitaa la namna hiyo halina fundi.

Ukaguzi wa dukani hauhitaji kifaa chochote. Gitaa hushikwa kama bunduki, jicho likachungulia kutoka kwenye daraja kuelekea kichwani. Shingo inayopinda kushoto au kulia, au iliyojisokota, huonekana hapo hapo. Kisha uzi mnene hubonyezwa kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja na kwenye freti ya mwisho kwa mkono mwingine. Katikati, kati ya uzi na freti ya saba au ya nane, panapaswa kubaki upenyo mdogo wa kadi ya simu. Pasipo na upenyo kabisa nyuzi zitagonga freti, na upenyo ukiwa wa penseli shingo imevutwa mno. Baada ya hapo kila uzi huguswa kidogo tu juu ya freti ya 12 bila kubonyezwa, ukatoa sauti nyembamba ya kengele. Kisha hubonyezwa pale pale na kupigwa. Sauti mbili zisipofanana, gitaa litakuwa sahihi kwenye noti za chini na la uongo kwenye za juu, ingawa mara nyingi hilo hurekebishwa kwa bisibisi kwenye daraja. Mwisho gitaa huchomekwa, vitufe vikazungushwa taratibu toka mwanzo hadi mwisho, na kila freti ikapigwa kwenye kila uzi. Muuzaji anayekataa gitaa lipigwe kwa dakika 20 amekwisha kujibu swali la bei.

Fungu zima lisiishie kwenye gitaa. Besi bila spika ni ubao wenye nyuzi, na hapa ndipo harambee nyingi za vijijini hukosea kuliko mahali pengine popote. Uzi mnene zaidi wa besi ukipigwa wazi hutoa mtetemo wa takriban mara 41 kwa sekunde. Spika ya honi, ile ya tarumbeta inayofungwa juu ya paa la kanisa au la gari la matangazo, haiwezi kabisa kuutoa mtetemo huo. Husikika mlio wa bati tu. Sabufa ya nyumbani inaufikia kwa kiasi, ila imeundwa kwa ajili ya muziki uliokwisha kurekodiwa na kulainishwa. Kidole kinachodonoa uzi hutoa mishtuko mikali, na spika ndogo ya sabufa hupasuka kwa sauti ya juu. Isitoshe, mawimbi yanayotoka kwenye gitaa ni dhaifu kuliko yanayotoka kwenye simu au redio, hivyo mpigaji hulazimika kufungua sauti hadi mwisho na kupata mngurumo mwingi na noti chache.

Njia mbili zinafaa. Ya kwanza ni amplifaya ya besi yenye spika ya inchi 12 au 15, ambayo inatosha kwaya ya watu 30 ndani ya jengo la kawaida. Ya pili, kwa mahali penye mikisa na spika kubwa tayari, ni kuingiza besi kwenye mikisa kupitia kisanduku kidogo cha kulinganisha mawimbi, kile ambacho mafundi mitambo hukiita diai. Njia hii ya pili ni ya gharama ndogo zaidi na huokoa nafasi kwenye bodaboda. Kasoro yake ni kwamba mpigaji hajisikii asipokuwa na spika iliyomgeukia. Baadhi ya vikundi hununua spika tupu ya inchi 15 na kumpa seremala atengeneze boksi. Inawezekana, lakini ukubwa wa ndani wa boksi na tundu lake la hewa vinapaswa kufuata vipimo vya mtengenezaji wa spika, na mbao iwe nzito. Boksi la mbao nyepesi hutetemeka lenyewe na kuila besi.

Kwa sababu hiyo, anayeanza bila chochote afanye gitaa lichukue karibu nusu ya fungu lote na si zaidi. Theluthi nyingine iende kwenye sauti. Kilichobaki kinunue kebo mbili, mkanda mpana, begi lenye sponji, kifaa cha kutyuni na seti moja ya nyuzi za akiba, kikiacha kitu kidogo cha nauli na fundi. Kwa fungu la Sh1,200,000 hesabu inakuwa gitaa Sh600,000, sauti Sh400,000 na mengine Sh200,000. Mkanda unaonekana kama pambo, lakini besi nyingi zina uzito wa karibu kilo nne, na ibada ya Jumapili ya kijijini haina haraka.

Umeme una neno lake katika uchaguzi huu. Katika maeneo ambayo gridi hukatika na ibada huendelea kwa jenereta au sola yenye inveta ya bei ndogo, kelele ya umeme huingia kwenye gitaa. Sumaku moja moja za aina ya Jazz hunasa mlio huo hasa pale mpigaji anapofungua sumaku moja na kuifunga nyingine. Ile iliyogawanywa vipande viwili ya aina ya Precision imefungwa waya kwa namna ambayo kipande kimoja hufuta kelele ya kingine. Kwa kanisa linalotumia inveta, Precision ya bei ndogo itatulia kuliko Jazz ya bei kubwa. Kadhalika magitaa yenye saketi ya betri ya volti 9 ndani yanauzwa kwa sifa nyingi, na sauti yake ina nguvu kweli, ila betri huisha hata wakati gitaa limelala, endapo kebo imeachwa imechomekwa. Betri ikifa katikati ya misa, baadhi ya magitaa hayo hunyamaza kabisa. Gitaa la kawaida lisilo na betri halina siku ya namna hiyo, na ndilo linalofaa mahali ambapo duka la jirani huenda halina betri ya volti 9.

Nyuzi tano ni kishawishi kingine. Wapiga besi wa injili wa Kongo, Kenya na Nigeria huonekana kwenye video wakiwa na nyuzi tano au sita, na vijana hutaka hivyo. Uzi wa tano hushuka hadi mtetemo wa takriban 31 kwa sekunde. Spika nyingi za kijijini hazifiki huko, kwa hiyo kikundi kinalipia uzi ambao wasikilizaji hawatausikia, kisha kinalipia tena kila nyuzi zinapobadilishwa. Kuna hoja ya upande wa pili: kwaya inayoimba sana katika D au C hupata noti za chini bila kuruka juu. Hoja hiyo ni ya kweli, na bado uzi mnene wa gitaa la nyuzi nne unaweza kulegezwa kutoka E hadi D bila gharama yoyote.

Mahali pa kununulia hubadili bei kuliko jina la gitaa. Masoko ya Nkwenda, Omurushaka na Kayanga yamejaa redio, sabufa na paneli za sola. Kwa gitaa zuri, safari kwa kawaida ni ya Bukoba, Mwanza au Kariakoo. Kuagiza moja kwa moja kutoka nje hudanganya macho. Gitaa la dola 200 likisafirishwa kwa dola 80, kwa mfano, VAT ya asilimia 18 peke yake huifikisha hesabu dola 330, yaani zaidi ya Sh820,000, kabla ya ushuru wa forodha na tozo nyingine. Bei ya duka la Kariakoo inayoonekana kubwa imekwisha kumeza hayo yote, na muuzaji yupo wa kuulizwa. Upande wa pili wa Mto Kagera kuna Uganda. Kutoka Murongo mtu huvuka hadi Kikagati, akaendelea Mbarara na Kampala, na kwa mkazi wa Kyerwa njia hiyo ni fupi kuliko ya Dar es Salaam. Mpaka una taratibu zake, na gitaa lililonunuliwa Kampala linapaswa kuonyeshwa forodhani pamoja na risiti. Mali ya kanisa iliyopita njia za panya ni mwanzo mbaya wa huduma.

Gitaa lililotumika linaweza kuwa chaguo bora kuliko yote, kwa sharti moja, kwamba liwe la jina linalojulikana. Besi ya Yamaha ya miaka 15 iliyotunzwa huwa imekwisha kupoteza thamani iliyokuwa ipoteze, na mwenyewe akitaka kuiuza baada ya miaka mitatu atapata fedha inayokaribia aliyotoa. Lisilo na jina halina bei ya mtumba. Anayeliuza hupewa alichonacho mnunuzi mfukoni. Kwenye gitaa kuukuu kitu cha kutazama ni freti zilizochimbika chini ya nyuzi, kwa sababu kubadili freti ni kazi ya fundi maalumu. Mikwaruzo ya mwili na rangi iliyochubuka haina maana yoyote kwa sauti, na inafaa kutumika kushusha bei.

Upo pia mpaka wa juu. Gitaa la dola 800 lina mbao zilizochaguliwa, freti zilizosuguliwa kwa mkono na vifunguo visivyolegea, na mpigaji wa kila siku hulijua mara tu anapolishika. Waumini walio kwenye mabenchi, wakisikia kupitia spika ile ile na jengo lile lile la bati, hawatalitofautisha na la dola 250 lililofungwa nyuzi mpya na kurekebishwa vizuri. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi zilizoijenga kampuni ya Motown ya Detroit katika miaka ya 1960, alitumia Precision ya kawaida ya mwaka 1962, akipiga zaidi kwa kidole kimoja na kuacha nyuzi zilezile hadi zikatike. Kwa hiyo, kwa hali ya Songambele, kuvuka dola 300 au 400 ni busara kwa mtu mmoja tu: yule ambaye besi ni ajira yake na ambaye saa zake za kupiga kwa wiki zinahesabika kwa makumi.

Gharama za baadaye ni ndogo lakini hazikomi. Nyuzi za chuma zilizosokotwa hufa kwa jasho na vumbi. Sauti inakuwa butu na kutyuni kunakuwa kwa taabu. Zikifikia hapo, wapiga besi wengi huzifungua, wakazichemsha kwa dakika kama kumi kwenye sufuria ya maji safi, wakazikausha na kuzirudisha. Uchafu uliojikusanya katikati ya misokoto hutoka na mlio hurudi kwa muda. Hufanyika mara mbili au tatu kabla ya seti mpya, na kwa mahali ambapo nyuzi za besi hutoka Mwanza kwa basi, jambo hilo lina faida kubwa kuliko linavyosikika. Kufuta nyuzi kwa kitambaa kikavu baada ya kila mazoezi huchelewesha haja ya sufuria.

Fedha ya mwisho katika fungu ni ile ambayo haitumiki siku ya kununua. Gitaa lililokaa dukani Dar es Salaam, kwenye joto na unyevu wa pwani, likipandishwa hadi nyanda za juu za Karagwe na Kyerwa, ambako hewa ni baridi zaidi na kiangazi cha Juni hadi Agosti ni kikavu, mbao zake hubadilika. Shingo inaweza kujikunja kidogo ndani ya wiki mbili au tatu, nyuzi zikaanza kugonga freti ambazo dukani zilikuwa safi. Njiani lilazwe ndani ya begi lake juu ya mizigo mingine, kamwe si chini yake, kwa kuwa kichwa ndicho huvunjika kwanza. Marekebisho ya shingo yasifanywe siku linapofika. Liachwe lizoee hewa, kisha fundi au mpigaji mzoefu akaze au alegeze chuma cha shingo robo mzunguko kwa siku, akisubiri hadi kesho yake kuona matokeo, na baada ya hapo ndipo urefu wa nyuzi kwenye daraja upangwe upya.